Mifuko ya Saruji, Jérémie

Mimi ndiye niliyekuwa nabeba kopo la rangi.
Inspekta Fritznel hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole
na kutega sikio, kama mnunuzi wa tikiti maji,
kisha hunitajia: kijani, wakae.
Njano, waingie watoe vyombo, wasilale.
Nyekundu hakuitaja hata siku moja.
Alinitazama tu, nami nikatikisa kopo.

Siku arobaini tulipanda na kushuka vilima vile,
tukalipwa kumi na moja.
Ardhi ilitikisika kwa nusu dakika;
kuhesabu kilichoanguka kulituchukua
mawaziri watatu.
Wa kwanza alitia sahihi orodha yetu.
Wa pili akataka tuanze upya, kwa fomu zenye jina lake.
Wa tatu tulimsikia redioni akiapishwa,
na kabla betri hazijaisha
tukasikia amevuka mpaka.

Saruji ilikuwepo. Msiseme Haiti haikuwa na saruji.
Mifuko mia mbili ilipakiwa bandarini, mji mkuu;
dereva, Wisly, bado anayo stakabadhi.
Lakini barabara ya kusini ni moja,
na koo lake limekabwa na vijana wenye bunduki.
Walitaka ushuru. Akalipa.
Mbele kidogo wakatokea wengine,
wakamuuliza kwa nini amewalipa wale.
Lori likakaa pale siku kumi na tisa,
na mvua haijui kizuizi,
haikuulizwa kitambulisho,
iliingia chini ya turubai ikafanya kazi yake.

Ilipotufikia ilikuwa imeshaganda,
kila mfuko jiwe lenye sura ya mfuko:
mikunjo yake, mshono wa pembeni,
kwenye mmoja hata alama ya kiganja cha mpakiaji.
Tukayapanga mawe yale mbele ya ofisi ya meya.
Meya hakuwepo.
Yakawa viti. Watu waliyakalia
walipokuja kujiandikisha kupiga kura,
wakayakalia tena walipoambiwa kura imeahirishwa,
na yupo mzee mmoja, Mérilus, aliyezoea jiwe lake
akawa anakuja hata siku zisizo na tangazo.

Odanie Saintilus alirudi kulala kwenye nyekundu yangu.
Nikamwambia, Mama, ule mlango niliupaka mwenyewe.
Akasema, nimeona, umepaka vizuri,
haikuchuruzika.
Hema lenu lilikwenda na kimbunga, akasema,
lilipaa zima, na kamba zake, na sufuria yangu.
Hii nyumba angalau najua itaangukia upande gani.
Akanionyesha kitanda: amekisogeza
mbali na ukuta ule, karibu na ndoo.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, sawa.
Ukuta tumejenga. Baba alijenga, na babake,
kila mmoja juu ya msingi wa mwenzake,
kwa mchanga wa ufukweni wenye chumvi, kwa kuwa ni wa bure.
Mimi nauliza jambo dogo:
ufa ukipita katikati ya meza
inayopokea taarifa za nyufa,
nimpelekee nani kopo langu?

Jumanne ardhi ilicheza tena, kidogo,
kama mtu anayegeuka usingizini.
Waliokaa juu ya mawe waliinuka wote, wakangoja,
wakakaa. Mérilus hakuinuka.
Inspekta Fritznel, ambaye siku hizi anauza kadi za simu,
akapita, akainama, akagonga mfuko mmoja kwa kifundo,
akatega sikio muda mrefu.
Nikamuuliza rangi gani.
Akacheka, au akakohoa.

Jioni Odanie akaja na wanawe na kamba.
Alichagua ule wenye kiganja.
Tuliubingirisha sisi watano hadi kwake,
tukauegemeza kwenye ukuta unaosubiri,
akaukung'uta vumbi kwa khanga,
akauliza kama wa pili tungeupata kesho.